Shule ya mwanao ikitikiswa, itasimama?

Septemba 10, 2016 ilikuwa Jumamosi. Saa 9:27 alasiri ardhi ya Mkoa wa Kagera ilitikisika kwa tetemeko lenye ukubwa wa 5.9, na ndani ya sekunde chache kuta zikawa chini, Bukoba mjini na vijijini. Watu 17 waliripotiwa kufa, mamia wakajeruhiwa, na nyumba zaidi ya 2,000 zikaanguka kabisa. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa, na wanafunzi wake wakatafutiwa nafasi kwingine.

Ni rahisi kuipita ile sentensi ya kwanza. Ilikuwa Jumamosi, maelfu ya watoto wa shule za kutwa hawakuwa madarasani. Miezi 17 kabla ya hapo, Aprili 25, 2015, Nepal ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.8 lililoua karibu watu 9,000. Maelfu ya madarasa yalibomoka. Nayo ilikuwa Jumamosi, siku ambayo shule za nchi hiyo hufungwa.

Bahati ya kalenda si mpango wa usalama. Kwa mzazi anayemwacha mtoto getini kila asubuhi, swali la msingi ni kama zile kanuni za ujenzi zinazozungumzwa kila jengo linapoanguka zinaokoa watu kweli, au ni makaratasi ya ofisini. Jibu lipo, na limepatikana kwa gharama kubwa katika nchi zilizotikiswa mara nyingi.

Kanuni inaahidi nini

Wengi hudhani jengo lililojengwa kwa kanuni za tetemeko halipati hata ufa. Sivyo. Katika nchi nyingi kanuni ya jengo la kawaida huahidi jambo moja tu kwa tetemeko kubwa, nalo ni kwamba watu waliomo watoke wakiwa hai. Jengo lenyewe linaweza kupasuka, kupinda, hata kubomolewa wiki inayofuata, na bado likahesabiwa kuwa limetimiza wajibu wake.

Siri yake iko kwenye kupinda bila kukatika. Zege peke yake ni gumu lakini ni kama biskuti, likivutwa linavunjika ghafla. Nondo ndizo zinazolipa uwezo wa kuvutika. Lakini nondo ndefu za nguzo hazitoshi kama ringi zinazozifunga ziko mbalimbali. Nguzo ikitikiswa, zege la nje humeguka, nondo hutanuka kama njiti za ufagio uliolegea kamba, na sakafu iliyo juu hushuka. Ndiyo maana kanuni za nchi zenye matetemeko husisitiza ringi zikaribiane, hasa karibu na sakafu na karibu na boriti, na ncha zake zikunjwe kuingia ndani kabisa ya nguzo. Hii ni kazi ya fundi na koleo, na zege likishamwagwa hakuna anayeiona tena. Mkaguzi asipofika siku ile kabla ya kumwaga zege, hawezi kujua kilichomo.

Hospitali zinadaiwa zaidi ya hapo, maana haitoshi wagonjwa watoke hai. California ilijifunza hilo mara mbili kwa hospitali ileile. Mwaka 1971 hospitali ya Olive View, karibu na Los Angeles, ikiwa mpya kabisa, iliharibiwa na tetemeko kiasi cha kubomolewa, na miaka miwili baadaye jimbo likatunga sheria maalumu ya majengo ya hospitali. Jengo jipya lilipotikiswa mwaka 1994 lilisimama imara. Mabomba ya maji ndiyo yaliyopasuka, na wagonjwa wakalazimika kuhamishwa.

Mji uliopimwa nyumba kwa nyumba

Pengine kipimo safi kuliko vyote cha kazi ya kanuni kinatoka Mashiki, mji mdogo wa mkoa wa Kumamoto nchini Japani. Aprili 2016 mji huo ulipigwa na mitikisiko miwili mikali, tarehe 14 usiku na tarehe 16 usiku wa manane, yote ikifikia daraja la juu kabisa katika kipimo cha Japani cha ukali wa mtikisiko. Wataalamu walipita baadaye wakikagua nyumba za mbao katika eneo lililoumia zaidi, wakazigawa kwa umri.

Mgawanyo huo una maana yake. Japani ilikaza kanuni zake mwaka 1981, kisha ikazikaza tena kwa nyumba za mbao mwaka 2000, hasa kwenye vyuma vinavyounganisha nguzo na boriti na kwenye mpangilio wa kuta ili nyumba isielemee upande mmoja. Kwa hiyo ndani ya eneo moja, kwa mtikisiko uleule, zilikuwepo nyumba za vizazi vitatu vya kanuni.

Za kabla ya 1981, takriban 28 kati ya kila 100 zilianguka. Za kati ya 1981 na 2000 zilianguka karibu 9 kati ya 100. Zilizojengwa baada ya hapo, takriban 2 kati ya 100. Ukitaka kujua kama karatasi inaweza kuzuia ukuta usimwangukie mtoto, ni hapo.

Lakini takwimu hizo zina upande wa pili. Nyumba za zamani bado zilikuwa na watu. Kanuni mpya hailazimishi nyumba ya bibi iliyojengwa mwaka 1965 kuwa imara. Hilo ndilo lililoonekana Kobe alfajiri ya Januari 17, 1995, walipokufa zaidi ya watu 6,400, wengi wakiwa wamelala kwenye nyumba za mbao za zamani zenye mapaa mazito ya vigae. Kanuni nzuri ilikuwa na umri wa miaka 14. Nyumba zilizowaua hazikuwahi kuguswa nayo.

Sheria iliyozaliwa jioni moja

Machi 10, 1933, saa 12 kasoro dakika sita jioni, tetemeko la ukubwa wa 6.4 lilipiga Long Beach, California. Shule 70 zilibomoka na nyingine 120 zikaharibika vibaya. Watoto walikuwa wamesharudi nyumbani. Wazazi waliokwenda kutazama vifusi asubuhi yake hawakuhitaji mhandisi kuwaeleza kilichokuwa kimewapitia kando.

Mwezi mmoja tu baadaye jimbo hilo likapitisha sheria ya ujenzi wa shule za umma inayojulikana kama Field Act. Haikuishia kuandika vipimo vya nondo. Iliamua nani atazame. Ramani ya kila shule ya umma ipitiwe na ofisi ya jimbo, si halmashauri ya eneo peke yake. Mkaguzi awepo kwenye eneo la ujenzi wakati kazi ikiendelea. Mkandarasi asibadilishe kitu bila idhini ya maandishi, na wahusika wathibitishe kwa saini kwamba kilichojengwa ndicho kilichochorwa.

Tangu hapo California imetikiswa mara nyingi, na hakuna mwanafunzi aliyekufa kwa kuangukiwa na shule ya umma iliyojengwa chini ya sheria hiyo. Shule zilizotangulia sheria hiyo, hata hivyo, zilichukua miongo kadhaa kuimarishwa au kuachwa.

Linganisha na Mei 12, 2008 huko Sichuan, China. Saa ilikuwa 8:28 mchana, Jumatatu, watoto wako darasani. Kwa takwimu za serikali ya nchi hiyo, wanafunzi 5,335 walikufa au kupotea. Wazazi walisimama na picha za watoto wao wakiuliza kwa nini shule zimekuwa vifusi wakati majengo mengine ya jirani yamesimama. China ilikuwa na kanuni za tetemeko kwa miaka mingi. Baada ya msiba huo ikapandisha daraja la usalama linalotakiwa kwa shule.

Kanuni kali, nyumba ya mmiliki juu ya darasa

Kisa kinachopaswa kumkosesha mzazi usingizi zaidi ni cha Mexico City, maana pale hapakuwa na upungufu wa kanuni. Baada ya tetemeko la mwaka 1985 lililoua maelfu, jiji hilo liliandika kanuni kali zinazoheshimiwa na wahandisi duniani. Septemba 19, 2017, siku ya kumbukumbu ya tetemeko hilo, wananchi walifanya mazoezi ya kujiokoa saa 5 asubuhi. Saa mbili na robo hivi baadaye likaja la kweli, la ukubwa wa 7.1.

Majengo mengi mno ya jiji yalisimama. Katika shule binafsi ya Enrique Rébsamen, sehemu ya jengo ilianguka, wakafa watoto 19 na watu wazima saba. Uchunguzi ulionyesha kuwa mmiliki alijiongezea makazi yake binafsi juu ya jengo la shule, uzito ambao jengo halikukusudiwa kuubeba. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 31. Ada ililipwa kwa wakati, sare zilikuwa safi, na hakuna mzazi aliyefikiri kuuliza ile ghorofa ya juu ilipata kibali lini.

Uturuki ni kisa hichohicho kwa ukubwa wa taifa. Baada ya tetemeko la 1999 lililoua zaidi ya watu 17,000 kwa hesabu za serikali, nchi hiyo iliboresha kanuni zake, zikaboreshwa tena zilizoanza kutumika 2019. Katikati ya hapo, mwaka 2018, serikali ilitoa msamaha wa ujenzi ulioruhusu wenye majengo yaliyokiuka taratibu kulipa ada na kuyahalalisha. Februari 6, 2023, saa 10:17 alfajiri, likaja tetemeko la ukubwa wa 7.8, na saa tisa hivi baadaye la 7.5. Zaidi ya watu 53,000 walikufa nchini humo, na maelfu wengine Syria. Kati ya majengo yaliyolala chini yamo yaliyokuwa na umri wa miaka kumi tu. Mji mdogo wa Erzin, katika mkoa wa Hatay ulioumia vibaya, haukupoteza mtu wala jengo kuanguka, na meya wake akasema ni kwa sababu hakuruhusu ujenzi holela. Wataalamu wa miamba wakaongeza kwamba mji huo umekaa kwenye ardhi ngumu na uko mbali kidogo na ufa. Huenda wote wana hoja, lakini ni vyema kutompa meya sifa zote.

Chile ilichagua njia nyingine. Sheria yake humwajibisha aliyeuza jengo kwa mara ya kwanza kwa miaka 10 ikiwa litaonyesha kasoro kwenye nguzo na mihimili yake. Februari 2010 nchi hiyo ilipigwa na tetemeko la 8.8, likitoa nguvu mara 500 hivi ya lile la 7.0 lililoipiga Haiti wiki sita kabla. Chile walikufa watu wapatao 525, baadhi yao kwa mawimbi ya tsunami. Haiti, isiyokuwa na kanuni zinazosimamiwa, makadirio ya serikali yalipita watu 200,000.

Mwili chini ya kifusi

Madaktari wanajua kwa nini kuzuia jengo lisianguke ni bora kuliko kikosi chochote cha uokoaji. Mtoto anaweza kutolewa chini ya ukuta baada ya saa kadhaa akiwa anaongea, akaomba maji, kisha hali ikabadilika ghafla. Misuli iliyobanwa muda mrefu hufa, na mguu ukiachiwa, sumu na madini ya potasiamu yaliyokuwa yamefungiwa humo huingia kwenye damu. Potasiamu husumbua moyo, na mabaki ya misuli huziba figo. Baada ya tetemeko la Uturuki la 1999, zaidi ya wagonjwa 600 walipata matatizo ya figo ya aina hiyo, na zaidi ya 400 kati yao wakahitaji kusafishwa damu kwa mashine. Hesabu mashine za namna hiyo zilizopo katika mkoa wako, na ujiulize ni ngapi zitakuwa na umeme siku hiyo.

Sisi tuko wapi

Wapo wanaosema matetemeko makubwa ni ya wenzetu. Mwaka 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, miongoni mwa makubwa zaidi kuwahi kurekodiwa Afrika. Mwaka 1966 Toro, magharibi mwa Uganda, ilipoteza watu zaidi ya 100. Desemba 2005 Ziwa Tanganyika lilitikisika kwa 6.8. Bonde la Ufa halijaacha kutanuka. Tofauti ya leo ni kwamba mahali palipokuwa na nyumba za miti na nyasi mwaka 1910 pana kuta za tofali.

Kwa miaka mingi wahandisi wa Tanzania wamechora majengo kwa kufuata viwango vya Uingereza, nchi ambayo haina sababu kubwa ya kuhofia tetemeko. Hata hivyo pengo kubwa zaidi liko kwingine. Nyumba nyingi, na madarasa mengi yaliyojengwa kwa michango ya wananchi, hayakupita mikononi mwa mhandisi. Kanuni ya kurasa mia tatu iliyoandikwa kwa ajili ya mhandisi haimfikii fundi wa Muleba anayelipwa kwa tofali. Nepal iliona hilo mapema na kuweka ndani ya kanuni zake za mwaka 1994 miongozo rahisi ya nyumba ndogo zisizo na mhandisi, yenye michoro na vipimo vya moja kwa moja. Miongozo ilichelewa kusimamiwa, na mwaka 2015 wengi walilipa kwa uhai. Lakini shule zilizokuwa zimeimarishwa kabla ya tetemeko, kwa kuta kufungwa wavu wa chuma na kupigwa plasta ya saruji juu yake, zilisimama.

Na majengo yetu huanguka hata ardhi ikiwa imetulia. Machi 29, 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 likaanguka la Kariakoo, wakafa zaidi ya watu 20. Jengo lisilojiweza siku ya utulivu halina cha kusubiri siku ya tetemeko.

Mzazi hawezi kupima nondo, lakini macho yake yana kazi. Katika darasa la chini la matofali, kitu cha kwanza kutazama ni lenta. Je, inazunguka jengo lote bila kukatika, ikizifunga kuta zote nne pamoja kama mkanda, au ipo tu juu ya mlango na madirisha? Cha pili ni ule ukuta wa pembetatu unaobeba paa mwishoni mwa jengo. Huo ni miongoni mwa vya kwanza kuanguka, kwa sababu mara nyingi umesimama peke yake juu ya lenta bila kufungwa na kitu. Pembe zilizoachana kwa ufa unaopanda kutoka chini hadi juu ni dalili mbaya kuliko nyufa ndogo za plasta. Udongo uliotumika badala ya saruji kati ya tofali unachimbika kwa ukucha.

Kwa shule ya ghorofa, tazama chini. Ghorofa ya chini iliyoachwa wazi kwa ajili ya maduka au maegesho, ikiwa na nguzo tupu huku juu kumejaa kuta, ndiyo hukunjika kwanza. Tazama na juu pia. Nondo zilizoachwa zikichungulia angani zina maana kwamba mwenye jengo anatarajia kuongeza. Kwenye kikao cha wazazi, baada ya ajenda ya chakula na matokeo, ni halali kabisa kuuliza kibali cha ujenzi kiliruhusu ghorofa ngapi, mhandisi aliyesaini ni nani, na ni nani aliyekuja kukagua kabla zege halijamwagwa. Mwalimu mkuu huenda asijue. Mwenyekiti wa kamati au mmiliki anapaswa kujua.

Nyumbani kazi ni ndogo zaidi. Kabati refu lililo kando ya kitanda cha mtoto lifungwe ukutani au lihamishwe, na televisheni isikae juu yake. Watoto wafundishwe kwamba ardhi ikitikisika wainame, wajifunike chini ya meza imara na kuishikilia hadi itulie, wasikimbilie ngazi wala dirishani.

Kwenye eneo la ujenzi panatakiwa kuwa na bango lenye majina ya mkandarasi, mhandisi na mbunifu, waliosajiliwa na bodi zao. Likiinuka jengo jipya nyuma ya madarasa bila bango hilo, ofisi ya mhandisi wa halmashauri ipo wazi siku za kazi, na barua ya wazazi watano ina uzito kuliko simu ya mmoja.